Pikapu imelala nyuma: ununue nini kwanza

Hilux yenye springi nzima ikiwa tupu, nyuma hukaa juu kidogo kuliko mbele. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili ikipakiwa ishuke na kulingana. Ukiikuta tupu na tayari imelingana, au imeinamia nyuma, springi zimechoka. Lakini kama ikiwa tupu inasimama vizuri, na inalala pale tu unapopakia mifuko 20 ya sementi, springi hazina kosa. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani moja kamili, na pikapu nyingi za kundi la Hilux, D-Max, Ranger na L200 huishia hapohapo, tena dereva na abiria wakihesabiwa ndani ya mzigo.

Hizo ni shida mbili tofauti na kila moja ina dawa yake. Muuza spea kwa kawaida atakuuliza ni gari gani na la mwaka gani, kisha atakutolea alichonacho. Swali la uzito unaobeba, na unaubeba mara ngapi, ujiulize mwenyewe kabla hujafika kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi.

Pima kabla ya kutoa hela

Simamisha gari mahali tambarare. Sakafu ya kituo cha mafuta inatosha. Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, magurudumu yote manne. Andika. Pakia mzigo wako wa siku zote, pima tena. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, kuna jani lililovunjika (majani ni zile pao za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine kuunda springi) au bushi iliyokwisha, yaani raba ya kwenye jicho la springi. Lala chini utazame vizuri karibu na senta bolti, ile ya katikati inayoshika majani pamoja, maana majani mengi hukatikia pale na kutu huficha ufa. Springi ambayo gari likiwa tupu tayari imenyooka kabisa au imebonyea kinyume, hiyo usiifikirie tena kuisaidia.

Uzito nao upime. Mizani mikubwa ya kupimia malori ya mazao inafaa: pandisha gari zima, kisha ekseli ya nyuma peke yake. Ukikosa mizani, piga hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 likijaa limekula tani yote kabla hujaketi kwenye usukani. Mchanga mbichi ni hatari zaidi, kwa sababu mita moja ya ujazo inakaribia tani mbili na bodi inaonekana bado ina nafasi.

Na jambo hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu watu wanapoteza fedha hapa kila siku: shokapu hazinyanyui gari. Kazi yake ni kutuliza mruko. Ukiweka shokapu mpya za bei ghali juu ya springi zilizolala, utapata gari lililolala ambalo halirukiruki.

Namba moja: seti kamili ya springi mpya

Kwa mtu ambaye pikapu yake inafanya kazi kila wiki, sioni kinachoshinda seti mpya ya springi za majani iliyochaguliwa kwa uzito wake. Kama mzigo wako haujabadilika na springi zimezeeka tu, za kiwango kilekile cha kiwandani zinatosha. Hakuna sababu ya kununua ngumu zaidi.

Kama umeongeza vitu vinavyokaa kwenye gari muda wote, kanopi ya chuma, sanduku la zana, tangi la dizeli, jenereta, hapo ndipo pa kupanda daraja. Watengenezaji wa Australia kama Old Man Emu na Ironman 4x4 huuza springi kwa ngazi za mzigo wa kudumu. Soma hayo maneno kwa makini: mzigo wa kudumu ni ule usioshuka kwenye gari hata unapokwenda kanisani au msikitini. Mzigo wa msimu wa mavuno hauhesabiwi. Anayebeba kilo 100 za vifaa siku zote na tani moja mara mbili kwa mwezi, akinunua springi za kilo 500 za kudumu, atajuta siku zote nyingine. Gari tupu lenye springi ngumu kupita kiasi hurukaruka kwenye barabara ya vumbi iliyokunjamana kama bati, tairi za nyuma huachana na ardhi, na kwenye kona mkia unateleza nje. Ndiyo sababu ya mikia mingi kukimbia kwenye changarawe bila hata mwendo kuwa mkali.

Usiridhike na hesabu ya majani. Ugumu wa jani hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene wake, yaani unene mara unene mara unene: jani nene mara mbili, upana na urefu ukiwa uleule, ni gumu mara nane. Springi ya majani matano manene inaweza kuishinda ya majani nane membamba. Muulize muuzaji uzito iliotengenezewa, na kama hajui, nenda duka jingine.

Ukinunua springi, nunua pamoja bushi mpya na yubolti mpya, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Yubolti iliyokwisha kukazwa imeshavutika, haitashika tena ilivyokuwa. Shokapu nazo ziwe za urefu unaolingana na kimo kipya. Fupi zitafika mwisho wa mvuto wake kila gurudumu likiingia shimoni, na zitakufa mapema. Kimo chenyewe, sentimita nne au tano zinatosha. Ukizidisha, pembe ya propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, inabadilika na utaanza kusikia mtetemo, na mipira ya breki inavutika.

Springi za mitumba? Ni chuma ambacho hujui kimebeba nini. Ukilazimika, zilaze mbili sakafuni ubavu kwa ubavu ulinganishe mkunjo wake. Zikitofautiana hata kidogo, ziache.

Namba mbili: mipira ya kusaidia

Hii ndiyo ningemshauri mkulima anayesomba mahindi miezi miwili na miezi mingine kumi anatembea mtupu. Ni mipira minene, kama ya Timbren, au ya povu gumu kama SumoSprings, inayofungwa pale palipo na raba ya kugongea kati ya ekseli na chasisi. Gari likiwa tupu haifanyi kazi kubwa, kwa hiyo safari inabaki laini. Mzigo ukishuka, inaanza kubeba taratibu. Haina upepo wa kuvuja, haina waya, na fundi wa kawaida huifunga bila kutoboa kitu.

Inahitaji springi ambazo bado ni nzima. Ukiiweka chini ya springi zilizokufa itakuwa imebanwa muda wote, na utahisi kila jiwe mgongoni.

Namba tatu: mifuko ya upepo

Firestone, Air Lift na Airbag Man ndio wanaojulikana. Uzuri wake ni kwamba unapandisha upepo ukipakia na kuushusha ukipakua, kwa hiyo anayevuta tela leo na kesho akawa mtupu anapata kimo kilekile. Kila upande uwe na bomba lake la kujazia upepo. Mifuko ikiunganishwa, kwenye kona upepo hukimbilia upande ulio juu na gari linalala zaidi. Usiiache tupu kabisa. Mingi inataka angalau psi 5 (kipimo cha shinikizo la upepo, kama cha tairi) hata bila mzigo, la sivyo hujikunja na kujisugua.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya chasisi. Springi ya majani hupeleka uzito kwenye chasisi mahali pawili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko wa upepo uliofungwa juu ya ekseli husukuma sehemu moja, katikati, mahali ambapo chasisi haikutegemea kubeba peke yake. Australia kumeonekana pikapu za milango minne zilizopinda chasisi nyuma ya kabini, zikiwa na mifuko iliyojazwa sana, mzigo mzito umekaa nyuma kabisa ya ekseli, na barabara mbovu. Kwa mtu wa lami mwenye tela, ni chaguo zuri. Kwa anayekwenda machimboni na mzigo uliozidi, hapana.

Za bei nafuu, na mpaka wake

Kuongeza jani kunafaa kama springi zako bado zina mkunjo na unataka sentimita mbili tatu tu. Jani liwe refu, na unene ukaribiane na yaliyopo. Utakapooneshwa kipande kinene kilichokatwa kutoka springi ya lori la Canter, kumbuka ile hesabu ya unene: hicho kitabeba karibu mzigo wote peke yake, na kila kinapopinda kinaumia kuliko wenzake. Jani fupi na nene lina ubaya mwingine, huvunja jani la juu yake pale lenyewe linapoishia.

Kukunja upya springi za zamani ni nafuu kuliko yote. Chuma cha springi kiwandani huchomwa hadi zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi, huzamishwa ghafla kwenye mafuta, kisha hupashwa tena kwa joto dogo ili kiwe kigumu bila kukatika ovyo. Fundi mwenye tanuri na mafuta anayefuata hatua zote hizo anaweza kukupa kazi ya kudumu. Anayepiga nyundo baridi, au anayechoma kwa mkaa na kuacha chuma kipoe chenyewe, springi yake italala tena upesi.

Pingu ndefu za springi (vyuma vinavyoning'iniza mwisho wa springi kwenye chasisi) na bloki za kuinulia, zinazowekwa kati ya springi na ekseli, usizinunue kwa ajili ya mzigo. Zinainua mkia, uwezo wa kubeba haupandi hata kilo moja. Bloki juu ya bloki ni hatari kabisa.

Wenye Nissan Navara NP300 yenye springi za mviringo (koili) nyuma, mambo ya majani hayawahusu. Tafuta springi za mviringo za kiwango cha juu zaidi. Nissan wenyewe walibadilisha za nyuma kwa soko la Australia baada ya malalamiko ya kulala. Mifuko midogo inayoingia ndani ya springi inasaidia, lakini shinikizo lake ni dogo, kwa kawaida lisizidi psi 35.

Fundi akimaliza, usiondoke bado

Mpe kazi ya kukagua breki. Hilux nyingi zina vali ya breki za nyuma yenye fimbo iliyoshikana na ekseli. Ekseli ikikaribia chasisi, vali inajua gari limepakiwa na inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukishainua gari, vali inadhani bodi ni tupu siku zote, na breki za nyuma zinabaki dhaifu hata ukiwa na tani. Fimbo hiyo lazima irekebishwe. Wengi hawaigusi, na mteremko wa Kitonga au wa Salgaa si mahali pa kugundua.

Taa za mbele zielekezwe upya, kwa sababu nyuma ikipanda mwanga unashuka karibu. Angalia na namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi baada ya saizi: 112 maana yake kila tairi inabeba kilo 1,120, na springi ngumu haziongezi hapo kitu. Wala haziongezi uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji. Beringi, ekseli na breki ni zilezile ulizokuja nazo. Baada ya kilomita kama 500 rudi gereji, yubolti zikazwe tena gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si juu ya jeki.