Simu ya mezani isiyo na waya: anza na betri, kisha chagua

Wanunuzi wengi huvutiwa na kioo kikubwa au idadi ya milio. Mimi nashauri ufungue kifuniko cha betri kwanza. Simu hizi hukaa nyumbani miaka mingi, na kinachozimaliza mapema mara nyingi ni betri ambayo haipatikani tena dukani, au kitako, yaani sehemu inayokaa mezani ikiwa imeunganishwa na umeme na laini, kinachozimika kila umeme unapokatika. Ukiyapima hayo mawili vizuri, mengine ni mapambo. Hivi ndivyo ninavyozipanga.

1. DECT yenye mikonga miwili na betri za AAA

DECT ndiyo teknolojia ya kidijitali iliyoenea zaidi kwa simu hizi. Toleo la Ulaya hutumia masafa ya 1880 hadi 1900 MHz, na ndilo unalolitaka. Mkonga, yaani sehemu unayoshika na kuzungumzia, huwasiliana na kitako hadi kama mita 50 ndani ya nyumba na mita 300 uwanjani pasipo vizuizi. Kuta za zege na nondo hupunguza sana kipimo hicho, kwa hiyo nyumba ya ghorofa isihesabie mita 50.

Panasonic na Gigaset wametengeneza nyingi zinazotumia betri mbili za AAA, zile nyembamba za rimoti, za kuchajiwa, aina ya NiMH (za nikeli), volti 1.2 kila moja. Hilo ni jambo kubwa. Betri zikichoka unanunua nyingine duka lolote la vifaa vya umeme, huhitaji kumtafuta fundi wala kuagiza nje.

Kwa nini mikonga miwili? Umeme ukikatika, mkonga unaweza kuwa umejaa chaji na bado usipige, kwa sababu kitako ndicho kinachoshika laini, nacho kimezimika. Baadhi ya modeli za Panasonic zina njia nzuri ya kulitatua: ukiacha mkonga mmoja wenye chaji juu ya kitako, wenyewe unakilisha kitako umeme, na wewe unazungumza kwa mkonga wa pili. Muulize muuzaji kama modeli anayokuuzia ina huduma hiyo, na umwombe akuonyeshe kwenye kitabu cha maelekezo. Kwa nyumba yenye mzee au mgonjwa, kwangu hicho ni kigezo cha kwanza.

2. Simu ya mezani ya laini ya simu (SIM)

Kwa nyumba ambayo haijafikiwa na waya wa simu wala faiba, hii ndiyo chaguo la kweli, na kwa familia nyingi za Tanzania na Kenya ingestahili hata nafasi ya kwanza. Ina umbo la simu ya mezani na vitufe vikubwa, unatia laini ya kawaida, na ina betri yake ndani, hivyo umeme ukikatika inaendelea kupokea. Mkonga wake kwa kawaida umefungwa kwa waya, lakini simu nzima unaibeba mpaka chumbani.

Angalia mambo mawili. Kwanza, mtandao: nyingi za bei nafuu ni za 2G pekee, kwa hiyo tia laini yako ukiwa dukani, piga na upigiwe. Ukipewa ya CDMA iliyotumika, iache hapo hapo, kwani huo ni mfumo mwingine wa mtandao na haitasoma laini yako ya kawaida ya GSM. Pili, betri: fungua mgongo, soma namba yake, uulize kama ya akiba ipo. Jibu likiwa hapana, hiyo ni simu ya muda tu.

3. DECT ya mkonga mmoja, pamoja na simu ya waya ya akiba

Panasonic KX-TG1611 ni mfano unaojulikana: ndogo, nyepesi, isiyo na mambo mengi. Inafaa kabisa, ila ikizimika kwa kukosa umeme huna pa kukimbilia. Kama laini yako bado ni ya waya wa shaba, nunua pia simu ya kawaida ya waya. Shaba huleta umeme wake kutoka kituo cha simu, kama volti 48, hivyo simu ya waya hulia hata mtaa mzima ukiwa gizani. Kama laini inapita kwenye kifaa cha faiba, msaada huo haupo: kifaa chenyewe kinahitaji umeme, kwa hiyo weka UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, inayobeba kifaa cha faiba na kitako pamoja. Chagua UPS yenye soketi za kawaida. Zile ndogo za ruta hutoa volti 9 au 12, ilhali adapta nyingi za Panasonic hutoa 5.5 au 6.5, na kuchanganya hapo ni kuunguza kitako.

4. DECT ya intaneti

Yealink na Gigaset wanazo. Kitako kinaingia kwenye ruta, na unahitaji akaunti ya simu ya intaneti. Kwa ofisi au nyumba ya wageni yenye vyumba vingi ni nzuri sana. Kwa nyumba ya kawaida ni gharama na usumbufu usiohitajika.

5. Iliyoletwa kutoka Marekani

Ndugu walioko huko hututumia kwa moyo mwema, na boksi limeandikwa DECT 6.0, jina linalosikika kama toleo jipya zaidi. Si hivyo, ni jina la soko la Amerika Kaskazini, na simu hizo hutumia 1920 hadi 1930 MHz. Kwetu masafa hayo yamo katika eneo ambalo simu za 3G hutumia kuwasiliana na minara, kwa hiyo unaingilia mtandao wa wengine, na wa wengine unakuingilia wewe. Adapta yake nayo mara nyingi imeandikwa volti 120, huku ukutani ni 230 au 240. Mshukuru ndugu, mweleze, na mwombe wakati mwingine akutumie betri nzuri za NiMH.

Zile za analojia zenye antena ndefu sizipi hata namba. Mazungumzo yake hayafichwi, mwenye redio ya kunasa masafa hayo huyasikia.

Ukifika nayo nyumbani

Weka kitako katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji na milango ya chuma. Tia betri ukifuata alama za + na −, kisha acha mkonga kwenye chaji. Panasonic huelekeza kama saa 7 mfululizo. Toleo lako linaweza kutaka zaidi, soma kitabu chake. Gigaset huongeza hatua moja: baada ya kujaa mara ya kwanza, utumie mkonga mpaka uishe chaji bila kuurudisha, ili alama ya betri isome sawasawa. Baada ya hapo urudishe kila unapomaliza kuzungumza, hakuna haja ya kungoja uishe.

Usitie kamwe betri za kutupa, zile za alkali za volti 1.5. Zikichajiwa huvuja, huvimba, na zinaweza kupasuka. Usichanganye ya zamani na mpya, badilisha zote mbili pamoja. Zenye uwezo wa 550 hadi 800 mAh zinatosha. Namba kubwa kupita kiasi kwenye betri isiyo na jina mara nyingi ni ya karatasi tu.

Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga na Unguja: chumvi ya hewani hutia kutu vipande vya chuma vya kuchajia. Simu ikianza kukataa chaji, usikimbilie kununua betri. Chomoa adapta, futa vipande vya kitako na vya mkonga kwa kitambaa kikavu, kisha jaribu tena.

Kabla hujalipa, fungua boksi mbele ya muuzaji: soma volti za adapta, masafa kwenye lebo ya chini ya kitako, aina ya betri, na plagi ya waya wa simu. Zilizotoka Uingereza huwa na plagi pana ambayo huenda isiingie kwenye soketi yako. Adapta ya kuibadilisha iwe RJ11, plagi ndogo ya kawaida ya waya wa simu, uitafute siku hiyo hiyo.