Besdei ya mtoto, darasa la watoto 45: upeleke nini?

Mwanangu wa kwanza alipotimiza miaka sita, nilimpa bodaboda keki ya kilo 2 aipeleke shuleni. Ilifika. Ila jina la mtoto lilikuwa limehamia kwenye kifuniko cha boksi, na krimu ya upande mmoja imeporomoka kama ukuta wa udongo baada ya masika. Mwalimu alikuwa peke yake na watoto 45. Kisu hakuna. Akakata keki kwa rula.

Tangu siku hiyo nimepeleka vitu darasani kwa watoto watatu, na kipimo changu ni kimoja: mwalimu mmoja aweze kukigawa kwa dakika kumi, bila kisu, bila kijiko, na bila mtoto kulia kwamba cha mwenzake ni kikubwa. Ladha inakuja baada ya hapo. Kwa kipimo hicho ndivyo nilivyovipanga hapa chini, nikiwa na darasa la watoto 45 la Dar es Salaam kichwani. Kama la kwenu lina 90, zidisha mwenyewe.

Kabla hujatoa hata advansi, mpigie mwalimu wa darasa. Muulize wameandikishwa wangapi, maana yule aliyekuwa mgonjwa wiki nzima atarudi siku hiyohiyo ya keki. Muulize kama shule inaruhusu chakula cha kutoka nje. Nyingine hazitaki kabisa. Muulize nani ana mzio wa karanga au maziwa, nani ana kisukari. Kama ni Ramadhani, kuanzia darasa la nne hivi utakuta watoto wamefunga, na wadogo zao wamefunga "nusu siku" kwa fahari kubwa. Basi ama usogeze tarehe, ama upeleke kitu kikavu kila mmoja aende nacho nyumbani. Na fundi keki umwambie mapema: keki isiwe na pombe, na jeli au mashimelo zisizoandikwa halali ziachwe dukani. Kwenye darasa lenye watoto wa Kihindu, uliza pia kuhusu mayai. Mafundi wengi wa Dar wanaoka keki isiyo na yai, na ukiionja hutajua.

Namba 1: keki za vikombe, kavu

Kila mtoto ana yake, zote saizi moja, na kila moja imevaa karatasi yake. Mwalimu anapita na boksi, amemaliza. Fundi anaziuza kwa dazeni, kwa hiyo dazeni 4 zinakupa 48: za watoto 45, ya mwalimu, ya dada wa darasa na ya dereva wa basi la shule. Dereva usimsahau, ndiye atakayebeba boksi mapajani kwenye foleni ya asubuhi.

Ukioka mwenyewe, nusu kilo ya unga, nusu kilo ya siagi, sukari gramu 400 na mayai kama 10 vinatoa zipatazo 45. Weka iliki, au maganda ya chungwa yaliyoparuzwa. Sisitiza neno "kavu" unapotoa oda, kwa sababu ukisema tu keki za vikombe utaletewa zenye kilima cha krimu ya rangi ya bluu, na bluu ile itakusalimia kwenye shati jeupe jioni.

Najua mtakachoniuliza: sasa atakata nini? Kwetu besdei haijatimia mpaka mtoto amemlisha mwalimu wake kipande, kisha rafiki yake, na darasa zima linapiga makofi. Usimnyime hilo. Agiza keki moja ya nusu kilo, iwe na jina lake na mshumaa, iwe ya kukatwa na kulishana pale mbele. Watakaolishwa ni wanne au watano, wengine wanapokea za vikombe. Mchanganyiko huu ndio ninaorudia kila mwaka.

Namba 2: visheti

Hapa najua nitabishiwa. Wengi wangetaja maandazi, na kwa bei sibishi: kilo moja ya unga inakupa maandazi madogo 40 hivi. Lakini maandazi mtoto anayala kila siku saa nne, hawezi kuyaona kama sherehe. Visheti vina harufu ya Idi. Ni vikavu, vimevaa sukari iliyoganda, havimwagiki, na unaweza kuvikaanga Jumamosi ukavipeleka Jumatatu vikiwa bado vinakatika vizuri mdomoni. Vitano vitano kwenye kifuko cha karatasi, umemaliza. Ila usichanganye visheti na kaimati. Kaimati zenye shira darasani ni vidole vya kunata kwenye madaftari 45.

Namba 3: mfuko wa zawadi

Mfuko mdogo wa khaki, ndani biskuti, bisi, juisi ya boksi. Watoto wanaupenda kupita vyote, hilo nakiri. Tatizo ni hesabu. Kitu cha shilingi 300 ukikiongeza kwenye kila mfuko, umeongeza shilingi 13,500, na huwa hatuongezi kimoja. Kisha wazazi wanaanza kushindana: mwezi huu umeweka juisi, mwezi ujao mwenzako ataweka na chupa ya maji yenye picha ya mtoto. Weka kikomo kabla hujaenda Kariakoo. Ukijipa shilingi 30,000, kila mtoto ana shilingi 666, mfuko wenyewe ukiwemo. Nunua kwa katoni kwenye maduka ya jumla, na angalia tarehe ya kwisha muda kwenye pakiti ya ndani, siyo kwenye katoni tu. Mifuko ya plastiki ya kubebea usiifikirie, ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Kwa darasa la awali usiweke bisi wala karanga kabisa. Watoto wa miaka minne wanapaliwa navyo kirahisi, tena wakiwa wanacheka.

Namba 4: matunda

Ndizi mbivu au machenza: mtoto anamenya mwenyewe. Tikiti lililokatwa alfajiri likasubiri saa nne kwenye joto la Dar silipendekezi kwa mtu yeyote. Na matunda peke yake, niwe mkweli, mtoto wako atanuna. Yaende pamoja na kitu kingine.

Namba 5: keki kubwa ya krimu

Ndiyo tunayoikimbilia sote, kwa sababu inapendeza kwenye picha. Keki ya kilo 3 kwa watoto 45 ni gramu 66 kwa kila mmoja, krimu ikiwemo, na hapo mkataji awe hakimu. Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi. Mchana wa Februari Dar unafika huko bila shida, na ofisi ya mwalimu haina friji. Kama lazima iwe keki kubwa, chagua ya mstatili, isiyo na ghorofa, mwambie fundi aikate kabisa vipande 50 na kuirudisha kwenye boksi, isafiri kwa bajaji ikiwa imelazwa sakafuni, na peleka tishu na visahani vya karatasi. Kisu pia.

Mkiani: pipi, lolipopu na ubuyu

Ni rahisi, ni nafuu, na mwalimu atakuchukia kimyakimya. Ubuyu wa rangi naupenda kuliko keki yoyote, lakini watoto 45 wenye mbegu za kutema na vidole vyekundu ni siku nyingine kabisa.

Shule isiyotaka chakula, peleka penseli: dazeni 4, kila moja na kifutio juu. Hakuna mzio wa penseli.

Chochote utakachochagua, mwambie fundi unakichukua jana yake jioni. Basi la shule linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri, na hakuna fundi keki aliyewahi kumaliza saa hiyo kama alivyoahidi. Na kwenye begi la mtoto ongeza shati la pili, limekunjwa chini ya madaftari, kwa sababu wenzake wa darasa la sita na la saba watakuwa wanamsubiri getini na chupa za maji.