TAHADHARI: Fundi wa fimbo za kuvulia za oda. Hesabuni pete kabla ya kutuma pesa

Wavuvi wenzangu wa trauti, wa Nyeri na kwingineko, kuna jamaa anauza mtandaoni fimbo za inzi bandia, yaani za kuvulia kwa chambo kilichoundwa kama mdudu, akijiita fundi wa oda maalumu. Simtaji jina. Majina yenyewe anayabadilisha kama shati, halafu jambo hili tayari liko polisi na namba ya OB (kitabu cha matukio kituoni) ninayo. Nitaeleza kazi ya mikono yake tu. Ukiiona utaitambua.

Mwezi wa tatu nilimwagiza fimbo ya futi 9, namba 5 (ndiyo uzito wa mshipi wake), vipande vinne. Bei 32,000, zote mbele, kwa M-Pesa. Baada ya wiki mbili, ati pete zimekwama forodhani, niongeze 4,500. Nikaongeza. Mke wangu aliniangalia tu, hakusema kitu, na heri angesema.

Fimbo ikaja na basi la vifurushi, imefungwa vizuri kama ya harusi. Mshikio wa mbao inayong'aa, uzi wa kufungia pete wa kijani wenye mstari wa dhahabu. Picha zote alizokuwa akinitumia zilikuwa za hapo kwenye mshikio, na sasa najua kwa nini.

Nilihesabu pete za kupitishia mshipi: sita, na ile ya ncha. Fimbo ya futi 9 kwa kawaida hubeba tisa au kumi bila kuhesabu ya ncha. Mafundi wengi huanza na idadi ya futi, wanajumlisha moja. Nikampigia simu. Akaniambia, "Kaka, pete chache, fimbo nyepesi." Shida ya jibu hilo ni kwamba lina chembe ya ukweli. Uzito ukiwa huko juu kwenye ncha, fimbo hupoteza wepesi wake wa kurudi. Ila yeye alikuwa ameweka pete za fimbo za kurushia chambo, zile ndefu za miguu miwili zenye duara la kauri, kuanzia chini hadi juu. Fimbo ya inzi hukaa na pete moja kubwa ya namna hiyo karibu na mkono, mbili ukitaka, na zilizobaki huwa za waya mwepesi uliopindwa kama nyoka. Kwa hiyo zilikuwa chache, na bado zilikuwa nzito.

Lakini hayo ningevumilia. Kilichoniudhi ni nafasi. Alizipanga sawasawa, inchi 13 kasoro kila moja, kama vikingi vya ua wa ng'ombe. Fimbo haipindi hivyo! Kule nchani ni nyembamba na ndiko inakopinda zaidi, kwa hiyo pete huko husongamana, kisha zinaachana kadiri unavyoshuka mkononi. Ukiziacha mbali nchani, samaki akivuta, mshipi unakata njia ya mkato kutoka pete hadi pete kama kamba ya upinde, na mzigo unaangukia sehemu chache badala ya kuenea ufito mzima, yaani mwili wa fimbo. Ukirusha, mshipi unalegea katikati, unapiga ufito, na ukiwa umelowa unaugandia. Niliipeleka Gura, mto ambao trauti walitiwa tangu 1905, na siku nzima sikuweza kufikisha inzi ng'ambo ya pili. Nikadhani ni mkono wangu umezeeka.

Safari ya pili mshipi ukaanza kuota manyoya. Nilichukua soksi ya nailoni (ya nani, mnajua) nikaipitisha kwenye ile pete kubwa ya karibu na mkono. Ikanasa. Kauri ilikuwa na ufa usioonekana kwa macho. Mshipi mzuri wa namba 5 si bei ya kuchezea, na huo umekwenda.

Nilipomtumia picha alinifungia.

Kuna mzee mmoja kule Kiganjo anayetengeneza fimbo kwa kujifurahisha, ndiye aliyeiokoa. Alikata uzi kwa wembe, akapasha moto pete ya ncha ikatoka, maana hiyo hubandikwa kwa gundi inayoyeyuka. Chini ya uzi tukakuta miguu ya pete haikusuguliwa hata kidogo, imekatika butu, uzi umeruka juu yake ukaacha pango. Epoksi, ile gundi ya kuchanganya iliyopakwa juu ya uzi, ilikuwa bado inanata baada ya miezi miwili, dalili kwamba sehemu zake mbili hazikupimwa sawa. Pete mpya zote kumi alizifunga kwanza kwa utepe wa karatasi: nafasi ya kwanza kutoka ncha inchi 4 na nusu, ya pili 5, zikaongezeka taratibu hadi ya mwisho 11 na nusu, pete kubwa ikakaa inchi 30 na kitu kutoka kitako. Akapitisha mshipi, akauvuta fimbo ipinde, akawa anasogeza pete robo inchi huku, nusu kule, na moja iliyoangukia kwenye kiungo cha vipande akaihamisha. Mpaka mshipi ukafuata mpindo bila kona. Ndipo akafunga uzi. Anasema vipimo vya kitabuni ni pa kuanzia tu, kila ufito una mpindo wake.

Sasa, yeyote anayekuuzia fimbo ya oda, mwombe video fupi: fimbo nzima, imepinda, mshipi ukiwa ndani ya pete. Fundi wa kweli hufanya jaribio hilo hata usipomwomba. Huyu wangu nilipomwomba alinitumia picha nyingine ya mshikio.

Juzi ameibuka tena kwa jina jipya, na uzi uleule wa kijani na dhahabu. Kama uliwahi kununua kwake, nitumie picha za pete na ujumbe wa malipo kwa faragha. Tuko watatu tayari, na Jumatatu narudi kituoni.