Ligi ya Lamu: nyumbani na ugenini, au kituo kimoja?

Kila ikitajwa ligi ya kanda, hii ya kulipwa nusu-nusu (mchezaji analipwa kidogo, si ajira kamili), wanaume na wanawake, mabishano barazani ni yaleyale: timu zizunguke nyumbani na ugenini ama zikutane kituo kimoja wikendi?

Kwa gharama, kituo kimoja, tuseme Mokowe kule bara, kinashinda wazi. Kutoa timu Faza, kisiwani Pate, ni boti, petroli, chakula, na kina dada nao wakitaka boti yao ndo basi tena, mfadhili anazima simu. Alafu mkondo wa Mkanda maji yakitoka hampiti, na upepo wa kusi ukivuma saa kumi inafika refa bado yuko baharini.

Lakini mashabiki je? Kizingitini wakicheza kwao mji mzima utatoka, Mokowe watavuka wachache, na bila kiingilio mchezaji atalipwa na nini? Kutunza uwanja sitaki hata kubishana, mmoja ni rahisi kuliko sita.

Mpeketoni, Witu na Hindi wana barabara, mi naona wazunguke tu. Za visiwani anzeni na kituo, wanaume na wanawake siku moja, tiketi moja, na kina dada wasipewe ile saa nane ya jua kali.