Dume la kubana chakula au dume la kuhimili magonjwa?

Chakula hula zaidi ya nusu ya gharama za kufuga nguruwe, kwa hiyo wazalishaji wa madume ya mbegu huanzia hapo: hutafuta dume ambaye watoto wake wataongezeka uzito kwa chakula kidogo. Nguruwe akikua kutoka kilo 30 hadi 100 kwa uwiano wa kilo 3 za chakula kwa kilo 1 ya uzito, atakula kilo 210. Ndugu yake wa uwiano wa 2.6 atakula 182. Tofauti ya kilo 28 kwa kila kichwa! Sifa hii hurithika vizuri na hupimika: hori lenye mzani husoma hereni ya kila mnyama na kuandika alichokula.

Kuchagua ukinzani, yaani uwezo wa kuhimili magonjwa, ni kugumu zaidi. Huwezi kuwaambukiza madume yako bora ili uone nani atapona. Njia rahisi ni pale jeni moja inapoamua. Wadenmark, kwa mfano, huchagua nguruwe ambao bakteria wa kuhara wa aina ya F4 hawawezi kujishikiza kwenye utumbo wao. Marekani mwaka 2025 iliidhinisha nguruwe waliohaririwa jeni ya CD163, ambayo virusi huitegemea kuingia kwenye seli, wasipate PRRS, ugonjwa wa virusi unaoharibu uzazi na upumuaji wa nguruwe.

Lakini homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, bado haina dume sugu la kuuzwa. Ngiri huibeba bila kuugua; nguruwe wa bandani hufa. Mimi ningenunua dume la kubana chakula, kisha pesa niliyookoa kwenye pumba niiweke kwenye uzio na dawa ya kuua vijidudu ya kukanyagia mlangoni.