WhatsApp Business kwa fundi wa milango: uzoefu wangu wa mwaka mmoja Lamu

Karakana yetu iko mtaa wa Langoni, mjini Lamu. Tunachonga milango ya nakshi, vitanda na viti vya enzi, na wanunuzi wetu wakubwa ni hoteli za Shela na wajenzi wa nyumba za wageni huko Malindi na Watamu. Watu hawa hawanunui kwa kupendezwa tu. Wanauliza mbao gani, upana gani, na mzigo utafika lini Mokowe, gati ya upande wa bara.

Kwanza nilijaribu mtandao mmoja wa picha, nikalipia matangazo wiki mbili. Mfaa uliochongwa (ule ubao wa katikati ya mlango) ulipata laiki tele na "bei gani?" nyingi kutoka kwa watalii, ambao hata wakitaka, mlango hauingii sandukuni. Oda haikuja hata moja.

WhatsApp Business, yaani WhatsApp ya wafanyabiashara, ni ya bure, na katalogi yake, ile orodha ya bidhaa, ndiyo iliyoniokoa. Kila mlango nimeuwekea picha, vipimo, aina ya mbao (mvule au mbambakofi), bei bila usafiri, na namba. Siku hizi meneja wa manunuzi ananiandikia, "Fundi, ile namba saba nataka mbili, ila mfaa uongezwe upana." Basi. Lebo za rangi zinanionyesha nani anasubiri makadirio na nani ameshalipa arubuni.

Pale kwenye kutuma ujumbe kwa wengi ndipo nilipojikwaa. Kabla ya masika, hoteli nyingi zinapojiandaa kwa ukarabati, niliwatumia mameneja wote tangazo. Kimya. Nikadhani nimewaudhi. Kumbe tangazo la aina hiyo humfikia aliyehifadhi namba yako tu. Meneja mmoja wa Shela nilipomuuliza akanitazama: "Tangazo lipi, fundi?" Sasa nikikutana na mnunuzi siondoki mpaka nimemwona akiandika jina langu kwenye simu yake. Wengine hucheka, lakini wanaandika.

Kilichonishangaza zaidi ni stetasi. Picha safi za mlango uliong'arishwa hutazamwa na kupitwa. Siku niliyoweka video ya vijana wanne wakipakia mlango mashuani, umefungwa magunia, maji yakiwapiga magotini, wanunuzi watatu waliandika jioni ileile. Hakuna aliyeuliza habari za nakshi. Wote walitaka kujua yule nahodha ni nani, na mlango ulifika salama?