Dar–Guangzhou bila kushuka njiani: maoni ya muuza mikoba

Kariakoo ukitaja safari ya China, swali la kwanza ni bei ya tiketi, la pili ni kilo za mzigo. Masaa ya njiani watu huyauliza wakishalipa. Mimi nauza mikoba ya kike, na siku hizi naanza na masaa, maana nikitua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, nikiwa hoi, siku ya kwanza ya soko inaishia kitandani na hoteli inadai hela yake kama kawaida.

Kwa njia fupi, Dar mpaka Guangzhou ni kama kilomita 8,700. Ndege ya moja kwa moja, ya Air Tanzania, inakatiza Bahari ya Hindi, inapita upande wa India kusini na Ghuba ya Bengal. Weka saa kumi na nusu hadi kumi na moja hewani. Ukipitia Dubai, vipande viwili vinakaribia kilomita 9,800. Wanaoapa kwamba Addis Ababa ni karibu zaidi wapige hesabu: nako ni 9,800 vilevile, ila kipande cha kwanza kifupi, cha pili kirefu. Kwa njia zote mbili utakaa hewani kama saa 13. Hizo kilomita za ziada wala haziniumi. Kinachoniuma ni kusubiri ndege ya pili usiku wa manane, nimekumbatia begi lenye dola, nikiogopa hata kwenda msalani.

Halafu hizi saa za kwenye tiketi. Kuna wakala mmoja mjini, jina namhifadhia, alimkatia jirani yangu wa duka tiketi ya kurudi akamwambia ni "masaa saba tu". Alitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, basi! Guangzhou wametutangulia saa tano. Ukiondoka kule saa tano asubuhi ukakaa hewani masaa 12, unashuka Dar saa kumi na mbili jioni. Karatasi inaonyesha saba, kiuno kinajua ni kumi na mbili. Kurudi huwa kurefu kidogo kuliko kwenda, hasa majira yao ya baridi, kwa kuwa upepo wa juu unatoka magharibi na ndege inaukabili.

Ndege yenyewe ni Dreamliner 787-8, na hapa nasifia bila kubana. Hewa ya ndani inawekwa kama ya mwinuko wa mita 1,800 hivi, si mbali na Mbeya mjini, wakati ndege nyingi za zamani hufika mita 2,400. Kichwa hakigongi. Miguu inavimba palepale, msidanganyike, tembeeni. Siti zimepangwa tatu-tatu-tatu, kwa hiyo ombeni ya ujiani mapema. Chakula kinalika.

Kasoro kubwa ni kwamba haipo kila siku. Maonyesho ya biashara ya Canton, hukohuko Guangzhou, ya Aprili na Oktoba hayakusubiri wewe, na mwenye kiwanda akisema njoo Jumatatu ni Jumatatu. Hapo napita Dubai au Addis, naangalia tu muda wa kusubiri: saa tatu nne navumilia, zikizidi nane nahamisha tarehe. Siku zikilingana, nachukua ya moja kwa moja hata ikizidi bei kidogo. Nyota nne.